Mchora mistari aliyemficha mama yake ziwa

Kabla jua halijachomoza, barabara inayopita mbele ya soko imefungwa kwa koni, na mwanamke mwenye fulana ya reflekta iliyojaa madoa meupe anatembea kinyumenyume huku akiachia kamba mkononi. Kamba imepakwa chokaa. Anafika mwisho, anaivuta mpaka inakaza, anainyanyua kidogo na kuiachia. Inapiga lami, na mstari mwembamba unabaki chini.

Anauinamia akiwa amefumba jicho moja, kama anayetunga uzi kwenye sindano.

"Sogeza mashine," anamwambia mwenzake. "Huo umenyooka."

Kazini hana jina jingine ila Chokaa. Mistari ya katikati, mishale, vivuko vya waenda kwa miguu, neno SIMAMA kwenye njia panda: yote hayo ameyachora tangu hajaolewa, na sasa ana watoto wanaojifulia nguo wenyewe. Mashine ikishapita na rangi, nyuma yake anafuata mtu wa kunyunyiza chenga za kioo, zile zinazofanya mstari ung'ae taa za gari zikiupiga. Jua likianza kuwa kali, kazi imekwisha. Wenzake wanakwenda kulala, yeye anakwenda mazoezini.

Chokaa ni mwanamichezo wa ridhaa. Anateleza kwa viatu vya magurudumu, anaendesha baiskeli ya mashindano, na tangu mwaka juzi anajiandaa kwa triathloni, mchezo ambao mtu huogelea, akitoka majini akapanda baiskeli, akishuka kwenye baiskeli akakimbia kwa miguu, bila kupumzika hapo katikati.

Mama yake, anayeishi naye, anajua habari za viatu. Anajua habari za baiskeli na za kukimbia. Za kuogelea hajui.

"Hilo usilitoe kwanza," Chokaa alimwambia mwandishi wa makala haya siku ya kwanza, salamu hazijaisha. "Andika, lakini usilitoe mpaka nimwambie mwenyewe. Akisikia kwa watu, nimekwisha."

Sababu anayo. Mama huyu alikuwa na mdogo wake wa kiume. Walikwenda mtoni wakiwa watoto; mdogo akavua nguo, akampa dada yake amshikie, akaruka. Dada alikaa ukingoni na zile nguo mapajani mpaka watu wazima walipokuja kumwondoa. Tangu hapo, katika nyumba yake maji yana mpaka, na mpaka wenyewe ni kiunoni. Watoto wake wote walikua hivyo. Chokaa hakumwona mjomba wake, lakini anasema anamjua kuliko wajomba walio hai.

Michezo ilianzia kazini. Kipande cha barabara mpya kilikuwa hakijafunguliwa, lami laini haijapitiwa na gari hata moja, na kila jioni kikundi cha watelezaji kilikuwa kinakuja kujimwaga hapo. Msimamizi alimtuma Chokaa akawafukuze.

"Nilimtuma awafukuze," anasema msimamizi huyo, mwanamume asiyependa kupoteza maneno. "Karudi amechubuka viwiko, ananiuliza vile viatu vinauzwa wapi."

Alivipata mtumbani. Mumewe ni kinyozi, na kibanda chake hakiko mbali na nyumbani.

"Nilimwambia nimenunua skeiti, yeye akasikia sketi," anasema Chokaa. "Akaniuliza zinafika wapi, magotini au chini ya magoti."

Kinyozi anatoa upande wake bila kuinua macho kwenye kichwa anachokinyoa. "Mimi nilioa mke, siku hizi nalala gereji. Chini ya kitanda viatu, ukutani baiskeli. Ukitaka kwenda msalani usiku unatanguliza mikono."

Mama naye alipokea habari za viatu kwa fahari, na fahari hiyo ilileta balaa. Ni mpishi wa shule mstaafu na ana kikundi cha akina mama anachokutana nacho kila wiki. Siku moja aliwaambia, "Binti yangu siku hizi anateleza sana, na mumewe anajua, wala hana neno."

Jioni ile wanawake wawili walibisha hodi kwa sauti ya watu wanaokwenda msibani. Walikaa, wakakataa chai, wakampa mama pole. Mmoja akauliza kwa upole kama huyo bwana ni mtu wa pale mtaani. Mama hakuelewa ni bwana gani. Wakazunguka hivyo mpaka Chokaa alipotoka chumbani amevaa viatu vyake, akatelezea sebuleni kuwasalimia, na wageni wakaomba ile chai waliyoikataa.

Baiskeli ilifuata. Kundi la waendesha baiskeli lilikuwa linampita kila asubuhi kwenye barabara ya nje ya mji, au tuseme lilikuwa linajaribu kumpita. Mapaja ya mtu anayeteleza yana nguvu hasa zile zinazotakiwa kwenye kanyagio, na kiongozi wa kundi alichoka kumwona mgongo. Akamwazima baiskeli. Msimu haukuisha kabla Chokaa hajawa mtu wa kukaa mbele kukata upepo ili wengine wapumzike nyuma yake.

Kisha akaanguka, na namna alivyoanguka wenzake kazini hawajamwacha nayo hadi leo.

Kila mchora mistari anajua kwamba rangi ikilowa ni sabuni. Chokaa ndiye aliyekuwa akiwaonya wenzake wa baiskeli: mvua ikinyesha, msikanyage nyeupe. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu. Kundi likaingia kwenye kona yenye kivuko alichokichora yeye mwenyewe siku chache nyuma, akiwa amebishana na msimamizi kuhusu pembe ya pale. Wenzake wote walikipita kwa kukikwepa.

"Mimi nilikuwa nakitazama kama kimenyooka," anasema.

Anayeendesha baiskeli huenda kule jicho lake linakotazama, na jicho la Chokaa lilikuwa kwenye ukingo wa rangi. Tairi likafuata. Alivunjika mtulinga, ule mfupa wa kati ya shingo na bega.

"Kilikuwa kimenyooka lakini?" mwandishi anamuuliza.

"Kilinyooka. Hilo ndilo linaloniuma."

Mtulinga ulipounga, bega lilibaki gumu. Pale hospitali, mtaalamu wa viungo alimwambia dawa yake ni maji: aingie bwawani, aelee, azungushe mkono taratibu. Chokaa alikwenda kwa siri akidhani ni mara moja tu. Akamkuta mwalimu wa kuogelea, mwanamke mwenye filimbi shingoni na miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwambia ukweli wote: kwamba hajawahi kuingia maji yanayopita kiuno, na kwamba mama yake asijue.

"Alishika ukingo wa bwawa kama anadaiwa," anakumbuka mwalimu. "Nilimwacha. Mtu akishika hivyo ukimvuta unampoteza. Akaja tena, akaja tena, mwisho akaachia mwenyewe."

Bega lilipona na Chokaa hakuacha kwenda. Vazi la kuogelea likawa linaanikwa kwa kinyozi, katikati ya taulo za wateja. Nywele zikilowa, nyumbani anasema ni jasho. Mumewe akiulizwa mkewe yuko wapi, anajibu yuko barabarani, jambo ambalo si uongo, maana bwawa liko barabarani.

Mwaka jana aliingia triathloni yake ya kwanza, inayofanyika kwenye ziwa nje ya mji. Katika mashindano hayo kuna muda wa mwisho wa kutoka majini. Muda huo ukipita hujatoka, safari yako imeishia hapo. Ziwa si bwawa. Halina ukingo wa kushika wala mstari chini wa kufuata, na kwa mtu ambaye maisha yake yote ni mistari, hilo lilimvuruga. Aliogelea huku na huku, akaongeza njia pasipo haja. Alipotoka, baiskeli yake ilikuwa imebaki peke yake kwenye vyuma, na ofisa mmoja alikuwa amesimama kando yake akimsubiri. Alimvua namba kwa adabu sana.

Mama, aliyejua ni mashindano ya baiskeli tu, aliambiwa ni pancha.

Hapo ndipo sauti ya Chokaa, ambayo kwa kawaida haina haraka wala mtetemo, inabadilika. "Wiki iliyofuata mama akaniletea mpira wa ndani wa akiba, mpya, kaufunga kwenye mfuko. Alikwenda mjini mwenyewe kwa miguu yake kuutafuta. Akaniambia, 'Isikupate tena, mwanangu.' Nimeona aibu maishani, lakini ile hapana."

Mashindano ya mwaka huu yanakaribia. Chokaa anaogelea vizuri kuliko mwaka jana, na mwalimu wake hana wasiwasi na mikono wala pumzi. Ana wasiwasi na kichwa. "Anaogelea kama mtu anayeiba," anasema. "Kila akiinua uso anatazama mlangoni. Hataniambia, lakini najua anamtafuta nani."

Mwandishi alipomtembelea nyumbani, mama alikuwa akichambua mchele sebuleni. Alisimulia habari za binti yake kwa raha, akaonyesha medali za kuteleza zilizotundikwa juu ya televisheni, akalalamika kuhusu barabara zenye misumari. "Nyie watu wa magazeti andikeni hilo. Mwanangu angefika mwaka jana, ni misumari tu." Nusura ulimi wa mwandishi uteleze. Kinyozi alikohoa, akauliza kama kuna anayetaka chai.

Chokaa alimwambia jioni iyo hiyo, wageni walipoondoka. Anasema hakupanga maneno. Alichukua ule mpira wa ndani, ambao ulikuwa bado kwenye mfuko wake, akauweka mbele ya mama na kusema hapakuwa na pancha.

Mama alimsikiliza hadi mwisho. Akauliza kina cha ziwa. Chokaa hakujua. Mama akainuka, akaingia chumbani.

Kwa siku kadhaa nyumba iliongea kupitia kwa kinyozi. "Mwambie mkeo chakula kiko tayari." "Mwambie mama nimesikia." Kinyozi anasema hajawahi kufanya kazi ngumu kama ile, na kwamba mteja mmoja alitoka kwake na kipara alichokuwa hajakiomba.

Kisha asubuhi moja Chokaa alirudi kutoka kazini akamkuta mama amekaa kwenye ngazi ya mlangoni. Alimwambia aketi.

"Kukuzuia siwezi, wewe ni mtu mzima una watoto," mama alisema, kwa mujibu wa Chokaa, na mama mwenyewe alikubali kwamba ndivyo alivyosema. "Kuja huko sitakuja. Sikai tena kando ya maji kumsubiri mtu. Lakini ukitoka, kabla hujagusa hiyo baiskeli, unipigie simu. Nisikie sauti yako wewe, si ya mumeo. Mumeo ni mwongo."

Kinyozi hakupinga.

Waandaaji waliulizwa. Walisema simu haibebwi kwenye baiskeli wala kwenye mbio, lakini katika eneo la kubadilishia nguo mtu ana begi lake, na akitaka kupoteza muda wake humo ni shauri yake. Mwalimu wa kuogelea hakufurahi. Baiskeli nayo ina muda wake wa mwisho, na sekunde za eneo la kubadilishia ndizo amekuwa akizipigania msimu mzima.

"Nimemfundisha kuvaa viatu bila soksi ili asichelewe," alisema. "Sasa ananiambia kuna maongezi na mama."

"Sio maongezi," Chokaa alimjibu. "Na nisipopiga sitaendesha. Nitakuwa juu ya baiskeli namwona amekaa ukingoni. Bora niogelee haraka zaidi, nipate muda wa simu."

Walianza kuifanyia mazoezi. Mara ya kwanza Chokaa aliruka kutoka bwawani, akachukua simu yake, na kioo kikakataa kutambua vidole vilivyolowa. Alikifuta kwenye vazi lililolowa zaidi. Mwalimu alitazama pembeni. Kesho yake kinyozi alimletea simu ndogo ya vitufe, namba ya mama ikiwa imeshawekwa kwenye kitufe kimoja.

Sasa ni asubuhi, wiki ya mwisho kabla ya ziwa. Baiskeli imeegemezwa kwenye ukuta wa bwawa, viatu viko wazi kwenye kanyagio, na mwalimu ameshika saa. Chokaa anakuja kwa kasi, kichwa chini, na safari hii hainui uso kutazama mlango. Anagusa ukingo, anajinyanyua, anakimbia huku maji yakimchuruzika mpaka kwenye begi. Anabonyeza kitufe. Saa ya mwalimu haisimami.

Simu inaita mara moja tu.

"Umetoka?"

"Nimetoka, mama."

Chokaa anasubiri, mkono mmoja kwenye helmeti. Mwalimu anaangalia saa yake, lakini hapulizi filimbi.

"Haya, panda," sauti inasema. "Unachelewa."