Ndago Iliyofuata Magurudumu

Nakumbuka siku moja, baada ya mvua za kwanza, nilichuma ndago pembeni mwa shamba la mihogo nyuma ya nyumba za mtaa wa Dilala, nikaibingirisha vidoleni. Shina lilikuwa na pembe tatu, kichwa kidogo cha kijani. Nilikuwa na miaka ishirini, mwanangu, na nilijiona najua.

Sisi wachimbaji tulisoma majani kabla ya kushika sururu. Pale miti inapokataa kuota na ndago fulani ndogo ikakubali, chini kuna shaba. Nikamwita rafiki yangu Ilunga, maana shamba lilikuwa la mama yake.

"Uko na hakika?" akauliza. "Mama akirudia, atatuua."

"Atakuya kukuta uko tajiri. Chimba, we mwoga!"

Mama yake alikuwa amekwenda Lubudi, kwenye kilio. Kwa siku tisa tuling'oa mihogo ambayo haijakomaa, tukashuka kimo cha watu wawili. Tulipata udongo mwekundu, basi.

Aliporudi, mama yule alikuja moja kwa moja shimoni. Alinishika mkono akanitoa shimoni mpaka barabarani. Ndago ile ilikuwa imejipanga juu ya alama za magurudumu, kila mahali udongo ulipovurugwa, mpaka njia ya malori. Kisha akanipandisha kilima chenye shaba. Kule ndago ya aina yangu haikuwapo hata moja. Ndago ya kilimani ilikuwa nyembamba kama uzi. Yangu ilikuwa na majani matatu marefu, yametandazwa chini ya kichwa.

"Hii ilikuya na bakamyo," akasema, akinionyesha malori kule chini. "Mi mwenyewe niliiona ikifika. Mbona haukuniuliza, tata?"

Ilunga hakuweza kumtazama mama yake akiomba unga kwa jirani. Wiki haikuisha, akapanda lori la Kisenge, kwenye migodi ya manganizi. Shimo nililifukia peke yangu, mihogo nikapanda upya, na mama yule akaila. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Miaka mingi niliwapa madereva salamu zangu kwa Ilunga. Walisema amezipokea; jibu hawakuwa nalo. Wenzetu wa siku zile wamehama au wamekufa, na sasa hakuna anayeniita kwa jina langu la ujana.

Mwanangu, nyumba njema si mlango. Ukiokota jani, tazama kichwa, tazama na chini ya kichwa. Fuata lilikotokea. Muulize aliyekuwa pale kabla yako, hata kama ni mama mwenye jembe na wewe umejiita fundi. Na mwenzako akikuuliza kama una hakika, nawe huna, sema huna. Aibu yake hupita kabla ya jioni. Mimi niliikwepa, nikabaki na ukimya huu.

Mungu akupe macho yenye subira, mwanangu, na akuzeeshe katikati ya watu wako.