Gari Lililoegeshwa Mtelemkoni

Ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Niliondoka nyumbani Rungwe Mpya nimevaa shati la kanisani na viatu vya kuazima. Dada yangu Dafroza alikuwa amenituma Kasulu nikatazame pikapu ndogo ya dizeli ya mkulima mmoja tuliyemfahamu. Lakini lori lililosimama barabarani lilikuwa linakwenda Kibondo, nami Kibondo nilikuwa sijaiona siku nyingi. Nikapanda, bila mpango wowote. Ndivyo nilivyokuwa. Hata shule niliiacha mapema kwa sababu hiyo hiyo: kila barabara niliyoiona nilitaka kujua inaishia wapi.

Dafroza ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alifanya biashara ya maharage, na kwa miaka mingi aliyabeba kichwani kutoka mashambani mpaka barabarani. Mgongo ukaanza kumsumbua, akawa anaamka kwa kushika ukuta. Gari tulilitaka kwa ajili ya mgongo ule, si kwa jambo jingine.

Kibondo nikakutana na mfanyabiashara wa mbao aliyekuwa anauza gari lake. Miaka ile ya tisini wakimbizi walikuwa wengi kwetu, na magari ya mashirika yalipita kutwa, marefu, yananguruma. Sisi vijana tukaamini gari la maana ni la namna ile. La huyu bwana lilikuwa jeupe, la petroli, limeegeshwa mtelemkoni, pua ikitazama chini. Nililala chini yake nikachungulia, nikagonga bodi, nikauliza maswali mpaka mwenyewe akacheka. "Kijana, unanunua gari au unaposa?"

Jambo moja sikuliuliza: kwa nini limeegeshwa vile. Kwetu milimani kila mwenye gari huliegesha likitazama mtelemko, iwe stata ya kuliwashia ni nzima au mbovu. Ni mazoea tu, kama kuvua viatu mlangoni. Kwa hiyo alipoachia breki, gari likaserereka, kisha likawaka, sikushtuka. Niliona dereva anayejua milima, nikamlipa palepale kwa fedha alizonipa Dafroza za kununulia pikapu.

Nilipolifikisha nyumbani, Dafroza alilizunguka, halafu akauliza linakunywa mafuta kiasi gani. Nikamjibu kwamba gari kubwa haliulizwi linakula nini. Jibu hilo linaniuma mpaka leo.

Safari ya kwanza tulipakia magunia yake ya maharage kwenda sokoni Kasulu. Hatukufika mbali, mshale wa petroli ukaanza kulala. Nikasimama kwenye senta ndogo ya maduka bondeni, mahali tambarare, tukanunua mafuta ya madumu. Nilipowasha, gari likatoa mlio mmoja mdogo, basi. Nikarudia. Kimya; stata ilikuwa mbovu tangu Kibondo, na mtelemko ndio uliokuwa unaliwasha. Wanaume waliokuwa wamekaa kijiweni wakaja taratibu. Mmoja akasema gari hili limekumbuka mlima wa kwao, wengine wakacheka, lakini wakashika kusukuma.

Dafroza naye akashuka.

Nilimwona akishuka, mwanangu. Nilikuwa nimeshika usukani, na sikumwambia akae, kwa sababu nilitaka gari liwake watu waache kucheka. Wakasukuma, nikaachia klachi, gari likashtuka, likasimama ghafla. Nilipotazama nyuma alikuwa chini, mkono kiunoni, midomo ameibana. Hakulia.

Jioni ile hatukuwa na ndugu wala jamaa pale. Mama mmoja muuza uji, aliyeona yote, aliwaambia wale wanaume wambebe Dafroza mpaka kwake, akatuachia chumba cha wanawe. Nilipokuwa namfunika, dada yangu aliniita kwa neno la kwetu ambalo dada humwitia kaka yake.

"Musaza, mimi nilikutuma kwa ajili ya mgongo wangu. Wewe ukaenda kwa ajili ya macho ya watu."

Tangu siku ile alitembea na fimbo, na maharage akaacha. Lile gari liliuzwa vipande vipande. Pikapu ya dizeli ilinunuliwa na mtu mwingine, na kwa miaka mingi niliiona ikipanda mlima imejaa magunia, haina haraka, haina makelele.

Sasa wewe umeniambia unatafuta gari lililotumika. Nenda asubuhi, bila kumpa mwenyewe taarifa ya saa utakayofika. Weka kiganja kwenye boneti. Kama limeshapashwa moto, rudi kesho. Mwombe alisogeze mahali tambarare, alizime, kisha aliwashe kwa ufunguo, wewe ukisikiliza. Tazama moshi wake. Usimwamini muuzaji kuhusu mafuta, waulize madereva wanaoendesha gari kama hilo kila siku. Pita kwenye maduka ya spea Kasulu: kama spea zake hazipo, au mafundi wanakuna kichwa wakisikia jina lake, liache hata likiwa zuri namna gani. Chukua injini ndogo inayotosha mzigo wako. Na kabla ya yote, jiulize gari hilo ni la nani. Akili yako ikikupeleka kwa watu watakaolitazama barabarani, hujawa tayari kununua.

Nenda, mwanangu. Mungu akuongoze uchague kwa utulivu, akupe riziki katika kila safari, na kila atakayepanda gari lako ashuke mzima.