Aliyewasha Mashine ya Kiilu

Mwongeli hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Ungemwona kazini kwenye karakana ya Wahome, mtaani Satellite, kitambaa kimebana nywele zote, mikono ya ovaroli imekunjwa hadi juu ya viwiko, pete na hereni zimeachwa nyumbani, ungedhani amelelewa na vyuma. Hata hivyo kulikuwa na kitu kimoja kilichomtia baridi mgongoni, nacho ni kile kimya kinachoingia karakana stima ikipotea.

Kazi yake ilikuwa kwenye bendso, msumeno wa mkanda wa kukata vyuma. Mkanda wenye meno huzunguka kwenye magurudumu mawili na kushuka taratibu juu ya chuma kilichobanwa kwenye jiriwa, huku maji meupe ya kupoza yakitiririka. Haupigi mayowe kama grenda. Unanguruma kwa chini, sauti ya mtu anayejiimbia akidhani yuko peke yake. Mageti na ngazi nyingi za maghorofa ya Kilimani zilianza safari hapo, zikiwa vyuma virefu mbele ya Mwongeli.

Mashine hiyohiyo ndiyo iliyokula vidole vitatu vya mumewe.

Ilikuwa miaka minne iliyopita, Kiilu akiwa ndiye fundi wa bendso. Stima ilipotea chuma kikiwa kimekatwa nusu. Kiilu akazima swichi, akaenda kunawa mikono kwa ajili ya chakula, akarudi, akaona chembe za chuma zimesongamana kwenye meno. Akatia mkono kuzitoa. Stima ikarudi, mkanda ukazunguka. Walipokuja kumnasua walikuta swichi imewashwa.

"Mimi nilizima," ndilo neno la kwanza alilosema hospitalini, na hakuliacha tena.

Hakuna aliyemwamini. Wahome alisema pole, akasema pia kwamba uchovu humsahaulisha mtu. Masila, mchomeleaji wa hapo, alisema hivyohivyo. Hata Mwongeli, kwa kutaka kumpoza, alimwambia, "Ulisahau tu, Baba Yvonne. Hakuna mtu hasahau." Kila alipomwambia hivyo mkono wa kulia wa Kiilu uliingia chini ya meza. Akawa hauonyeshi tena mkono huo hata mbele ya binti yao, Yvonne, anapofunga shule.

Siku hizo Mwongeli alikuwa akipika githeri ya mahindi na maharage na kuuza langoni kwa Wahome. Wahome, kwa aibu au kwa huruma, alimpa nafasi ya mumewe. Sufuria na jiko akamwachia rafiki yake Nasimiyu. Kiilu alipata kazi ya kufungua geti la maghorofa huko Kilimani, kazi ambayo mkono mmoja unatosha, na jioni alimfundisha mkewe bendso mezani, kwa mkate na kisu.

"Usivae glavu. Meno yakishika glavu, yanavuta mkono mzima. Chembe toa na brashi, usitoe na vidole. Na ukisikia kimya usiamini, angalia mkanda kwa macho mpaka usimame." Kisha angemalizia palepale anapomalizia siku zote. "Zima swichi. Ukizima, angalia tena. Mimi nilizima."

Swichi yenyewe ilikuwa balaa. Ile ya kiwandani, ambayo stima ikikatika hujizima yenyewe, iliungua zamani, na fundi mmoja akabandika swichi ya kawaida, kama ya ukutani nyumbani. Ukiiacha imewashwa, stima ikirudi mashine inaondoka bila kuuliza. Plagi nayo ilikuwa nyuma ya rundo la vyuma, haifikiki mpaka utoe jasho. Wahome alikuwa amesema fundi wa stima atakuja wiki ijayo. Wiki hiyo ilikuwa kwenye kalenda yake peke yake.

Msimu wa mvua ndefu mwaka huu, Nasimiyu alipoanza kuchemsha na chai, ndipo mambo yalipoanza. Stima ilipotea, Mwongeli akazima swichi, akatoka kukaa na Nasimiyu langoni. Baadaye wakasikia ngurumo. Alipokimbia ndani alikuta mkanda ukizunguka juu ya jiriwa tupu, maji yakimwagika, na hakuna mtu. Alijiambia amesahau. Kila mtu husahau.

Mara ya pili alizima na kusema kwa sauti, "Nimezima," kama alivyofunzwa. Ikawaka tena.

"Nani amewasha hii mashini?" aliuliza.

"Si mimi," Masila akajibu bila kuvua miwani ya kuchomelea. "Mimi hapo sikanyagi. Hiyo kitu ilionja mtu, Mama Yvonne. Sasa inangoja mwingine."

Maneno ya namna hiyo hayahitaji gari. Jioni hiyo yalikuwa yameshafika kwa muuza mboga. Wahome akaleta mchungaji, ambaye aliomba kwa nguvu na kumwaga mafuta ya zeituni kuzunguka mashine, sakafu ikateleza kiasi kwamba ilikuwa hatari kuliko pepo lolote. Mwongeli alipangusa mafuta hayo kwa majivu, akaendelea na kazi. Ila sasa kila alipoinama kupima chuma alihisi kuna mtu amesimama upande wa swichi, kimya, akisubiri. Akigeuka, hakuna.

Na ndani ya hofu hiyo kulikuwa na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu. Kama kuna anayewasha swichi sasa, basi huenda aliiwasha na siku ile. Basi Kiilu hakusahau. Mwongeli aliogopa mkono wake kukatwa, lakini alitamani zaidi kumpelekea mumewe jina la huyo mtu, awe wa damu au asiwe wa damu.

Jioni moja alikuta Kiilu amekaa gizani, stima imepotea kwao pia. Alipapasa ukuta akiingia, akabonyeza swichi ya taa.

"Wewe na swichi yako," Kiilu alisema.

"Sasa tutajuaje imerudi?" Akawasha mshumaa, akaketi. "Baba Yvonne, ile siku kulikuwa na nani hapo ndani?"

"Hakukuwa na mtu. Ndiyo maana wananiita muongo."

"Hawakuiti muongo."

"Wananiita msahaulifu," Kiilu alisema. "Heri muongo."

Alhamisi moja stima ilipotea asubuhi, mvua ikinyesha. Mwongeli alizima swichi, akaangalia, akaangalia tena. Kisha akachukua rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akaikoroga na grisi isikauke, akavaa mfuko wa nailoni mkononi na kupaka kidogo tu kwenye ile nusu ya swichi inayobonyezwa kuwasha. Mfuko akautupa, mikono akainawa kwa mafuta taa na sabuni mpaka ikanuka kama ya dobi. Atakayewasha, atabeba alama.

Akatoa kiti nje, akakiweka chini ya bati la langoni, mahali anapouona mlango wa karakana wote. Mlango ni huo mmoja. Nyuma ni ukuta wa mawe. Masila alikuwa amejikunyata kwenye jiko la Nasimiyu, na Wahome alikuwa ndani ya gari lake akiongea na simu. Saa zilikwenda. Mwongeli aliondoka hapo mara moja tu, kuchukua kikombe chake ndani, maana Nasimiyu alikuwa amechemsha chai. Aliporudi na kikombe alikaa palepale, akanywa, akimfikiria Yvonne na viatu vyake vya shule, macho mlangoni. Hakuingia mtu. Hakuingia hata paka.

Ndipo ngurumo ikaanza.

Mwongeli alisikia nywele zikisimama chini ya kitambaa. Masila alishika msalaba wake shingoni. Hakuna aliyetaka kwenda, kwa hiyo akaenda yeye. Ndani kulikuwa na giza la mvua, na katikati ya giza mkanda uling'aa ukizunguka, maji yakidondoka, mashine ikikata hewa kwa utulivu wa mtu mwenye kazi yake. Alizima kwanza. Akangoja, akiangalia meno, mpaka mkanda ukasimama kabisa. Kisha akainama kuangalia swichi.

Rangi ilikuwa imeburutwa. Kulikuwa na alama ya dole gumba, mistari yake yote ikionekana. Pepo lilikuwa na vidole.

Alitoka nje, akamwambia Masila amwonyeshe mikono. Ilikuwa myeusi kwa masizi, kama kawaida yake, haikuwa na wekundu. Akagonga dirisha la gari. Wahome aliitoa mikono yake nje ya dirisha akishangaa, ni safi, na simu bado iko sikioni kwa bega.

"Kwani kuna nini, Mama Yvonne?"

Nasimiyu alikuwa akimtazama usoni.

"Mama Yvonne," alisema, "uko na rangi kwa shavu."

Alijipangusa, akaangalia mkono wake. Dole gumba la kulia lilikuwa jekundu, na rangi ilikuwa imeingia chini ya ukucha. Akajiambia ni wakati wa kupaka. Lakini alivaa mfuko. Lakini alinawa, na harufu ya mafuta taa ilikuwa bado iko. Alisimama kwenye mvua akiutazama mkono ule kama wa mtu asiyemjua, hadi Nasimiyu akamvuta chini ya bati.

Kikombe. Rafu ya vikombe iko juu ya swichi. Aliingia, akanyoosha mkono wa kushoto kuchukua kikombe, na ule wa kulia, wenyewe, bila kuulizwa, ukafanya kile unachofanya kila stima ikipotea nyumbani kwao, tangu siku alipoingia kwenye nyumba ya stima kwa mara ya kwanza. Uliiwasha swichi iwe tayari, ili wajue stima ikirudi.

Kisha akaikumbuka siku nyingine. Stima ilikuwa imepotea. Alikuwa ameingia na sahani ya githeri ya mumewe, imefunikwa kwa sahani nyingine, na Kiilu hayupo, yuko bombani ananawa. Aliiweka sahani juu ya rafu ileile. Kuiweka alikumbuka vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa wapi wakati huo, hakukumbuka, na hapo akajua.

Alirudi ndani. Alihamisha rundo la vyuma, kimoja kimoja, hadi akaifikia plagi, akaichomoa, akaifunga kwa waya ining'inie mbele ya jiriwa ambapo kila mtu ataiona. Akamwambia Wahome hatakata chuma tena mpaka swichi ya kujizima iletwe kutoka mjini. Wahome aliangalia uso wake, akawasha gari na kushika njia ya Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, bila kubishana.

Nyumbani bado hakukuwa na stima. Kiilu alikuwa amefika, sare ya ulinzi bado iko mwilini, amekaa mezani bila mshumaa. Mwongeli aliposimama mlangoni alihisi mkono wa kulia ukiinuka kuelekea ukutani. Aliushika kwa ule wa kushoto, akaushusha.

Alimwambia yote palepale, amesimama. Rangi, kikombe, sahani ya githeri. Hakupunguza kitu. Alipomaliza, Mwongeli alisikia pumzi za Kiilu tu, hakuuona uso.

"Kwa hivyo nilizima," Kiilu alisema hatimaye.

"Ulizima."

"Sema tena."

"Ulizima, Baba Yvonne. Wewe ulizima. Mimi ndiye niliwasha."

Alisikia kiti kikisogea, kisha kitu kikawekwa juu ya meza. Alijua ni mkono ule, kwa sababu ya jinsi ulivyogusa mbao, kidole kimoja na gumba.

"Keti," Kiilu alisema. "Na mikono yako weka hapa juu, yote miwili."

Aliketi, akaiweka. Mkono wa Kiilu ulikuja gizani ukapapasa mpaka ukaukuta wa kulia wa mkewe, ukaukandamiza juu ya meza. Haukuwa unabembeleza, wala haukuumiza. Ulikuwa unashikilia.

Walikaa hivyo. Baadaye watoto wa ploti wakapiga kelele kwamba stima imerudi, na mwanga wa majirani ukaingia chini ya mlango. Kwao taa haikuwaka, kwa kuwa swichi ilikuwa imezimwa. Mwongeli alisikia mkono wake ukitaka kuinuka, na Kiilu naye akausikia, akaukandamiza zaidi.