Nafasi ya Sungura wa Pili

Mama alinipigia simu nikiwa nakata sare za shule, akaniambia Jumamosi nikienda Kilosa nibebe futi yangu ya kupimia. Nikamuuliza kama anataka gauni. Akasema hataki gauni, anataka nimpimie sungura nyumba. Nikamwambia sungura ana nyumba tayari, maana yule mnyama analala sebuleni kwake ndani ya boksi la mafuta ya kupikia na kutwa anazunguka vyumba vyote kama mwenye hati. Mama akasema boksi si nyumba, tena anataka nyumba ya humo humo ndani yenye nafasi ya mwenzake atakayekuja. Kisha akakata simu. Akishasema lake huwa haoni sababu ya kuaga.

Mimi ni fundi cherehani. Duka langu liko Mikumi, kando ya barabara kuu, na nyuma ya duka nina vyumba viwili. Kimoja nalala. Kingine kimejaa majora ya vitambaa, viroba vya vipande na cherehani mbovu ninayoahidi kuitengeneza. Hicho chumba cha pili ndicho kaka yangu aliyeko Morogoro alikuwa ameshampangia Mama. Alisema Mama hawezi kuachwa peke yake Kilosa na magoti yake yale. Ahamie kwangu, na nyumba ipangishwe kwa watumishi wa ofisini. Kaka ana kipaji cha kupanga mambo ambayo mikono ya wengine ndiyo itayafanya. Nilikubali kwa sababu sikuwa na hoja ya kukataa, nikapewa kazi ya kumweleza Mama. Basi Jumamosi ile nilikuwa nakwenda na mambo mawili, kumpimia sungura nyumba ya kudumu na kumwambia mwenye sungura kwamba anahama.

Mama alikuwa peke yake kwa sababu mama mkubwa alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama mkubwa alikuwa mke wa kwanza wa baba. Walikuja pamoja kutoka kwao, mbali huko magharibi, baba alipopata kazi ya reli. Hakujaliwa mtoto, na baada ya kungoja sana baba akaoa mke wa pili, binti wa Mvumi, ambaye ndiye Mama. Baba alifariki sisi tukiwa bado wanafunzi. Wanawake wale wawili wakabaki ndani ya nyumba ileile, wakila sinia moja na kubishana kuhusu chumvi, na mgeni angedhani ni ndugu wa tumbo moja. Mama alimwita dada. Mimi nilikua nikijua kwamba nina mama wawili na sikuona hapo jambo la kuulizia.

Sungura alitoka Mvumi pia. Ndugu za Mama walimleta amefungwa miguu, safari yake ikiwa ya chunguni. Mama mkubwa akasema bado mdogo, anenepeshwe kwanza. Aliponenepa akasema tungoje Idi. Idi ilipofika akasema mwaka huu tuna mbuzi, sungura wa nini. Baada ya hapo hakuna aliyetaja mchuzi mbele yake. Alimjengea kibanda nje, siafu wakakivamia, na mbwa wa jirani naye akawa anakinusa kila asubuhi, ndipo mama mkubwa akamwingiza ndani. Mama alilalamika kuhusu vile vidonge vyeusi vinavyodondoka kila mahali, kisha tukamwona anavifagia mwenyewe. Mama mkubwa alipofariki, sungura akawa anajilaza kwenye kizingiti cha chumba chake. Mama alinieleza hilo kwa simu kwa sauti ya mtu anayesema nyanya zimepanda bei.

Nilipofika nilimkuta ameshasogeza makochi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku ananionyesha ukuta. Hakuniuliza habari za safari. Mahali alipopachagua palikuwa sebuleni, kati ya mlango wa chumba cha mama mkubwa na dirisha la uani. Sakafu pale ni ya saruji na jua halifiki, na kwa joto la Kilosa hilo si jambo dogo, kwa kuwa sungura anavumilia baridi kuliko fukuto. Nilipiga magoti nikaanza kupima. Sungura mwenyewe alikuja akanusa futi, akajaribu kuitafuna, nikamsukuma, akarudi.

Alikuwepo pia fundi seremala, jirani wa nyumba ya tatu, ambaye kabila lake na la ndugu za Mama ni watani. Kwa hiyo alikuwa na ruhusa ya kusema lolote. Alisema nyumba hiyo ikikamilika isikose sehemu ya kuwekea vitunguu na pilipili hoho. Mama akamjibu kwamba watu wa kwao wangejua kupika asingekuwa anakuja kudowea kila mchana. Wakaendelea hivyo kwa muda huku kazi inakwenda. Fundi alitaka mbao nyepesi, nikamwambia huyu mnyama anakula hata miguu ya meza, akubali tu mbao ngumu na wavu wa chuma, na sehemu ya chini iwe na trei ya bati inayovutika ili Mama asiiname sana. Hapo tukaelewana. Akaenda kwake kutafuta mbao, akaniachia kazi ya mchoro.

Mimi sijui kuchora nyumba. Najua kukata umbo la nguo, kwa hiyo nilifanya ninavyojua. Nilitandaza magazeti sakafuni, nikayaunga kwa pini, nikakata umbo la nyumba nzima kwa ukubwa wake halisi: hapa pa kulala, hapa pa nyasi kavu, hapa pa maji, hapa pa kukimbilia. Kwa yule mwenzake atakayekuja nilifanya kama tunavyofanya kwa sare za watoto. Mtoto anakua, kwa hiyo fundi mwenye akili huacha pindo pana chini ya sketi, likunjuliwe mwakani. Nikaacha upande mmoja wa karatasi umekunjwa kwa ndani. Akija wa pili, tunatoa ubao wa mwisho, tunaongeza kipande, wote wawili wanapita mlango uleule. Niliona nimefanya kazi safi, na ya kubana matumizi.

Mama alikuja na chai, akasimama juu ya magazeti yangu. Akauliza wa pili anakaa wapi. Nikakunjua ile sehemu kumwonyesha. Akauliza mlango wake uko wapi. Nikamwambia watatumia mmoja. Akauliza kama maji pia watatumia chombo kimoja, nikamwambia ndiyo, ni sungura, Mama, si wageni wa harusi. Hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kochi, akanyoosha goti linalomsumbua, akasema nianze upya.

Nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimetoka Mikumi alfajiri na magoti yangu mimi pia yalikuwa sakafuni. Nikamweleza kwamba wa pili hayupo, huenda asipatikane, na hakuna haja ya kumjengea kiumbe ambaye hata hajazaliwa. Mama akasema yupo, ndugu zake wa Mvumi wana jike linakaribia kuzaa, ameshaomba mtoto wa kike kama huyu ili tusije tukajaza nyumba. Halafu akanieleza jinsi inavyopaswa kuwa. Sungura wawili wasiojuana ukiwaweka pamoja wanapigana mpaka kutoana damu. Wa kwanza anaona amevamiwa, na wa pili hana pa kukimbilia. Kwa hiyo kila mmoja awe na upande wake, mlango wake, maji yake na pa kujificha, na katikati uwepo wavu tu. Wakae hivyo mpaka wazoeane harufu. Siku ukiona kila mmoja analala upande wake lakini wameegemea wavu uleule, unautoa.

Nikamuuliza nani kamfundisha yote hayo. Akasema ndugu zake wanafuga, nami nikaridhika na jibu. Lakini yeye hakuwa amemaliza.

"Hapo ulipopiga magoti ndipo nilipolala nilipoolewa," akasema.

Alisema kwa sauti ileile ya nyanya. Baba alikuwa amejenga nyumba ya mke mmoja. Alipomleta wa pili, akamkatia kona ya sebule kwa kanga mbili zilizofungwa kwenye kamba, akasema ni kwa muda. Mama mkubwa alifunga mlango wake kwa ndani na hakuufungua mpaka baba alipokwenda kazini. Jiko lilikuwa lake, mtungi wa maji ulikuwa wake, hata kata ya kuchotea. Mama akitaka kunywa maji ilibidi aombe. Alikaa kwenye kona ile mpaka kaka akazaliwa. Sikuwahi kusikia hata neno moja la habari hii, si kwake wala kwa mama mkubwa.

Nikamuuliza nani alimpa chumba. Akasema ni dada yake. Kaka alikuwa mchanga, anaharisha, na Mama alikuwa binti mdogo asiyejua la kufanya. Mama mkubwa alisikia mtoto analia kwa sauti iliyochoka, akafungua mlango, akaja kuketi upande wa pili wa kanga. Hakuingia. Alipitisha mkono chini ya kanga akapokea mtoto. Mtoto alipopona, akamwambia baba kwamba asipojenga chumba cha pili, chenye mlango wake wa uani na jiko lake, yeye anarudi kwao. Baba akajenga. Tangu hapo, Mama alisema, ndipo walipoanza kula pamoja, kwa kuwa sasa kila mmoja alikuwa na pa kwenda akishachoka na mwenzake.

Nilikuwa na uchungu kwa ajili ya yule binti wa nyuma ya kanga, na uchungu wa mtu uliyemzoea akiwa mzee haujui uingilie wapi. Nikachukua magazeti mengine na chaki, nikaanza kuchora upya.

Hapo simu yangu ikaita. Alikuwa kaka. Mikono yangu ilikuwa na pini, nikaweka sauti ya nje bila kufikiri, na kabla sijamwonya akauliza kama nimeshamwambia Mama habari za kuhamia Mikumi, na kama amekubali, kwa sababu kuna mtumishi anaulizia nyumba. Sungura alikuwa anachana gazeti pembeni yangu.

Mama akanyoosha mkono nimpe simu. Kaka akamwamkia haraka haraka, akaitikiwa. Akaanza kueleza magoti, hospitali, upweke, na kwamba Mikumi kuna chumba kizuri kinamngoja. Alieleza vizuri, ningekuwa mimi ndiye ninayeambiwa ningeshawishika. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza, akanigeukia mimi.

"Hicho chumba, umeshatoa vitambaa?"

Nikasema bado.

"Kina mlango wa nje?"

Nikasema hakina, unapitia dukani. Akauliza jiko. Nikasema tutatumia langu. Nilisikia nilivyosema, na nadhani kaka pia alisikia.

Mama hakupandisha sauti. Alisema Mikumi anaijua na hana ugomvi nayo. Alisema anajua tunampenda, na magoti ni yake, anayajua kuliko sisi. Kisha akasema na simu, ingawa macho yalikuwa kwenye mistari yangu ya chaki sakafuni.

"Sungura ambaye bado yuko tumboni mwa mama yake, leo mwanangu ametoka Mikumi kuja kumpimia mlango. Mimi mliponipangia, ni nani aliyekuja kunipima?"

Mimi nilikuwa palepale na futi shingoni. Mama akanirudishia simu, akachukua kikombe chake akanywa chai iliyokwisha kupoa.

Kaka akaniuliza, kwa sauti ya chini, amwambie nini yule mtu wa nyumba. Nikamwambia amwambie hakuna nyumba, ina wenyewe.

Kisha nikachora upande wa pili.