Siku za Kutonuna

Nilikuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, na nyumbani kwetu, nje kidogo ya Sikonge, baba akiwa msituni kurina asali hakuna aliyeruhusiwa kununa. Bibi, mama yake baba, aliamini nyuki wanasikia. Mtu akigomba nyumbani, au akikunja uso tu, wanamgeukia mrina asali kule kule kwenye mizinga. Kwa hiyo siku hizo tulisemezana kwa upole. Hata kuku tuliwafukuza kwa upole.

Mwaka ule shangazi Hadija, mdogo wake baba, alikimbia kipigo cha mumewe huko Usoke, akarudi kwetu. Mchana alipika na kutuchekesha. Jioni, akikoka moto, alilia.

Safari moja baba alirudi na ndoo tupu, nyuki wamemuuma, macho yamevimba hayafunguki. Shangazi alimkanda kwa maji ya uvuguvugu.

"Kaka, leo hata mbwa wako atakubwekea."

Baba akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Bibi hakucheka.

"Hadija mwanangu, ulinuna?"

"Sikununa, mama. Nililia tu."

"Nyuki watajuaje tofauti?"

Nilimtazama baba, nikingoja amtetee dada yake. Mdomo wake haukuwa umevimba kiasi cha kushindwa kusema. Alimgeuzia shangazi jicho la pili alikande.

Hakuna aliyepandisha sauti. Macho ya baba yalipofunguka, Bibi alimkunjia shangazi kanga zake vizuri, akamfungia na chupa ya asali ya msimu uliopita.

"Mpelekee mumeo, atapoa."

"Asante, mama," shangazi akasema. Baba akampakia kwenye baiskeli, akampeleka kituoni kupanda basi. Hajarudi tena, hata kututembelea.

Safari iliyofuata ndoo zilijaa. Kwa Bibi huo ulikuwa ushahidi wa kutosha. Mimi mpaka leo sijui nyuki wanasikia nini.

Sasa nina miaka kumi na saba. Shule niliiachia kidato cha pili, tumbaku yetu ilipokataa shambani, na hilo nalo niliambiwa kwa upole, nikiwa nasonga ugali. Darasani tulifundishwa maneno: ukali, ukatili, roho mbaya. Yote nilidhani yana kelele ndani yake. Siku hizi nikisikia mtu ananiita "mwanangu" taratibu sana, naacha ninachofanya, nasubiri kujua napelekwa wapi.