Ubuyu wa Kijani

Mhadhiri wetu alitupa kazi ya kupanga kurasa za jarida, mada yake rangi. Wenzangu wakakimbilia leso na maua. Mimi nikamchagua mama, maana hupika ubuyu nyumbani kwetu Kiembeni na kuuuza hapo getini, na vidole vyake havikosi rangi. Tena nilitaka ajione ukutani mwa chuo, amependeza, aache kuwaambia majirani kwamba naenda kuchezea kompyuta.

Ubuyu huo mimi na yeye tuna historia nao. Nilipokuwa mdogo aliniachia sufuria jikoni, akaniambia nitie rangi nyekundu. Nikatia pakiti ya kijani. Watoto wa mtaani waliukataa ubuyu wote, na mama akanichapa vidole kwa mwiko, akisema namfanyia maskhara. Sikubisha. Kila mtu alisema mimi mzembe, nikaamini.

Basi nikampiga picha akikoroga. Aliona haya, akafunga leso upya, akataka nimpige tena. Kwenye kompyuta ya chuo uso wake ulionekana umepooza kama wa mtu anayeumwa. Nikazisogeza rangi kidogo kidogo mpaka uso ukapata uhai. Niliipenda kazi ile, wallahi. Nilikaa nikiitazama hata nikasahau kula.

Siku ya kubandika kazi ukutani, mwenzangu mmoja kutoka Nairobi alisimama mbele ya kurasa zangu akikuna kichwa.

"Buda, mbona mathako ni kijani?"

Nilidhani anamtania mama yangu, nikamjibu vibaya. Wakaja wengine, wakacheka, na wote walisema lilelile. Mhadhiri akaniita kando, akanionyesha kwenye simu yake duara lililojaa vitone, akaniuliza naona nambari gani. Nambari sikuiona, niliona vitone tu. Akawaita waliokuwa karibu, na kila mmoja akaitaja bila hata kufikiri. Nilikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Wahenga walisema macho hayana pazia. Hawakuwahi kuazima yangu.

"Nyekundu na kijani kwako zinachanganyika," mhadhiri akaniambia kwa upole. "Umezaliwa hivyo. Haina dawa."

Upole wake uliniudhi kuliko vicheko vyao. Nilitaka kuitengeneza upya, lakini kwa macho yapi? Kila nilipoigusa picha niliogopa naiharibu zaidi, na kumwomba mwenzangu ampake mama yangu rangi ya uso kulinishinda. Nikaiacha ilivyo. Na siku ya wazazi ilikuwa Jumamosi hiyo hiyo, mama ameshaalikwa.

Alikuja na sare yake ya akina mama wa kanisani, imepigwa pasi. Nikampeleka mwenyewe mpaka ukutani, afadhali aone nikiwapo. Alitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

"Sasa mbona umenipaka hivi mbele za watu? Nimekukosea nini?"

Nikamweleza habari ya vitone, na ya nyekundu na kijani. Nilizungumza haraka haraka, nikitazama viatu vyake. Nilipomaliza akauliza ni tangu lini.

"Tangu kuzaliwa."

Kisha akasema polepole, "Hata siku ile ya ubuyu?"

"Hata siku ile."

Akaushika mkono wangu, vidole vilevile, akaanza kuvisugua kwa kidole gumba kana kwamba bado vinauma.

"Mbona hukunambia, mwanangu?"

"Sikujua, mama. Sikujua kwamba nyinyi mnaona."

Alibaki amevishika vidole vyangu mbele ya ule uso wake, ambao kila aliyekuwa mle ndani aliuona ni wa kijani, isipokuwa mimi.