Ufito wa Mjomba Sele

Wiki iliyopita fundi alikuja shuleni kwetu kutengeneza madawati yaliyovunjika, akawa anapiga randa nyuma ya darasa letu la kidato cha tatu. Mbao zake zilikuwa za mwarobaini. Wenzangu walilalamika kwamba harufu yachoma pua, kama kitunguu saumu kilichotiwa dawa. Mimi sikulalamika. Niliacha kumsikiliza mwalimu, nikawa namchungulia yule fundi dirishani, nikijiuliza anatengeneza nini hasa, na ni cha nani. Ninyi mnaosoma daftari hili mtacheka, lakini mpaka leo harufu ya mwarobaini uliorandwa hunifanya nimshuku mtu asiyenikosea lolote. Sababu yake sijapata kumwambia mtu. Mimi ni mtu wa haya. Nikitazamwa, maneno hunipotea. Kuandika ndiko ninakoweza.

Nilikuwa darasa la sita, hapa hapa Msambweni, tukikaa watatu: mimi, mama, na bibi mzaa mama. Mwaka huo Mjomba Sele, kaka yake mama, alirudi kutoka Diani alikokuwa akiunda vitanda vya hoteli. Hoteli ilifungwa, naye akaja na mkoba mmoja wa nguo na sanduku la zana lililobebwa na watu wawili. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza kitu aliitazama kwanza mbao iliyo mbele yake, kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Nilimpenda kwa ukimya wake. Jioni nikitoka chuoni kusoma Kurani nilikaa karibu naye nikiokota maranda, na siku moja akanikabidhi msumeno bila kuuliza kama nautaka.

"Usiulazimishe," akasema. "Una meno yake. Wewe upeleke tu."

Akanifunza kuelekeza kidole cha shahada mbele, kuanza mkato kwa kuuvuta nyuma kwanza, na kusikiliza. Msumeno ukienda sawa huimba sauti moja. Ukienda upande hukwaruza. Randa ilinishinda siku nyingi. Ilirukaruka ikichimba mbao, mpaka nilipotambua kuwa ile ni kazi ya kiuno na miguu, mikono yafuata tu. Siku maranda yalipotoka marefu, membamba, kama ukili wa bibi wa kusukia mikeka, nilikimbia kumwonyesha bibi, naye akayapima vidoleni akasema haya angeyasuka.

Meza ya kazi hatukuwa nayo. Tulifanyia chini, nami nikikanyaga mbao kwa mguu ili isikimbie. Ndivyo patasi ilivyoniteleza ikanichana kidole gumba cha mguu. Mama alikuja juu.

"Mtoto wa kike na patasi wapi na wapi, kaka?"

Bibi akamjibu kutoka ndani, "Mwache. Sindano nayo si chuma? Mbona hujamkataza?"

Mjomba alinifunga kidole kwa kitambaa safi, akaniambia, "Pumzika kwanza," akalifunga sanduku. Nilidhani kosa langu limenifukuza kazini.

Wiki ile ile bibi alishikwa na homa, akalala asiinuke. Nyumba nzima ikanuka mwarobaini. Ndani, mama alichemsha majani ya kumfukizia. Uani, mjomba alikuwa ameanza kuranda mbao za mti huo huo.

"Mjomba, hicho ni nini?"

"Utakiona."

Wageni wakija kumjulia bibi hali, alizifunika mbao zake kwa mkeka. Hapo ndipo shaka iliponiingia. Mtu aundaye kitu chema hukifunikia nini?

Siku ya pili yake nilikuwa barazani, nikamsikia mjomba chumbani kwa bibi. "Mama, zile mbao zilizo chini ya kitanda chako, nizichukue?"

"Chukua, mwanangu. Huko niendako zitanifaa nini?"

Wakacheka wote wawili. Kicheko kile kiliniuma kuliko patasi.

Kisha nikauona ufito. Pengine ninyi mnakotoka ufito ni mti mwembamba wa kujengea tu. Kwetu, mtu akifa hupimwa kwa ufito, utosini hadi nyayoni, na ufito ule hutangulia makaburini kwa wachimbaji. Nilikuwa nimeuona mwaka uliotangulia, alipofariki jirani yetu. Mtu alitoka nao chumbani, na wanawake waliokuwa wamenyamaza wakalia upya. Na sasa nyuma ya sanduku la mjomba ulisimama ufito mmoja wa mkoko, umenyooka, umebanduliwa ganda, umekatwa safi ncha zote mbili.

Nilimweleza Riziki, rafiki yangu wa darasani, ambaye hakukosa jibu hata siku moja.

"Anaunda jeneza," akasema.

"Jeneza liko msikitini."

"La msikitini ni la watu wote. Shoga, fungua macho! Mtu atoka Diani mikono mitupu, mamake mgonjwa, nyumba ipo ya kurithi. Wewe upime ule ufito. Kama ni wa bibi yako, utamzidi shubiri moja. Huongezwa ili maiti asibanwe."

Adhuhuri mjomba alipokwenda kusali, niliuingiza ufito chumbani. Bibi alikuwa amelala chali. Uzee ulikuwa umemfupisha, na mwaka ule mimi na yeye tulikuwa kimo kimoja. Mwenyewe alinitania kwamba mke mwenza hafai kulingana nawe mpaka nguo. Niliulaza ufito kando yake, ncha moja kisiginoni. Ukampita kichwa. Nikapima kilichozidi kwa kiganja changu: shubiri moja na kidole, yaani shubiri kamili ya mtu mzima.

Bibi akafumbua jicho moja. "Wanipima, mke mwenzangu?"

"Hapana, bibi. Nafukuza inzi."

"Haya. Usimsaze hata mmoja."

Nilitoka nao nje. Nikauchukua msumeno, nikaenda nyuma ya banda la kuku, nikaulaza ufito juu ya jiwe na kuukanyaga. Hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kaburi lisipomtosha hawataweza kumzika, na asiyeweza kuzikwa hafi. Kidole cha shahada mbele, nikauvuta nyuma kwanza, nikaikata ile shubiri. Msumeno uliimba sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Sijawahi kukata vizuri vile, na naona haya kuwaambia kwamba nilijivunia. Kipande nikakichomeka kwenye makuti ya paa la jikoni, juu ya mafiga.

Asubuhi mjomba aliushika ufito. Kidole chake gumba kikapapasa ncha moja, kikapapasa ya pili, kikarudi kwenye ile ya kwanza. Akautazama msumeno ukutani. Kisha akanitazama mimi. Nikainama kuokota maranda.

"Haya," akasema, akaulaza juu ya mbao na kuchora mstari kwa penseli. "Njoo unishikie."

Nikamshikia, lakini kama askari amlindavyo mfungwa. Zile mbao za bibi zikarandwa na kuunganishwa zikawa uso mmoja mpana. Halafu akakata miguu minne minene ya mwarobaini, kila mmoja nusu ya ufito. Nusu aliipata kwa kukunja mara mbili uzi uliolingana nao. Nikajiambia jeneza la msikitini nalo lina miguu, ila mifupi. Huenda hili ni la fahari. Akatoboa matundu kwa keekee, akayanyoosha pembe kwa patasi, na ulimi wa kila mguu ukaingia tunduni ukibana. Mguu wa mwisho akanipa nyundo ya mti niugonge mwenyewe. Nikaugonga kwa hasira, ukaingia barabara.

Riziki alipita nje ya ua, akanong'ona, "Ala! Umekuwa karani wa Izraili sasa?"

Siku ya nne baada ya mimi kuukata ufito, bibi alitoka jasho jingi, homa ikashuka, akaomba uji. Mimi peke yangu nilijua aliyemponya. Jioni wakamtoa uani, wakamkalisha mkekani, na mjomba akakifunua kile kitu.

"Mishi, simama hapa."

Nilisimama. Uso wa mbao ulinifika kwenye kifundo cha mkono. Mwisho mmoja palikuwa na kijibao kilichochomoza kidogo, cha kuizuia mbao isikimbie mbele ya randa.

"Usikanyage tena mbao kwa mguu," akasema. "Fundi aliyenifunza mimi alisema meza ya kazi urefu wake ni kimo cha mwenyewe, na kwenda juu ni nusu yake."

Kimo changu alikitoa kwenye alama ya mkaa mlangoni, ambayo bibi alinichorea kila Idi.

"Tazameni dunia," bibi akasema. "Mgonjwa mimi, mbao zangu, na anayepewa meza ni mke mwenzangu! Mimi hata kiti cha kuegemea sina."

Wote wakacheka, nami nikalia. Mama alidhani ni furaha, akanishika kichwa. Mjomba aliinama akaanza kukusanya maranda.

Bibi aliishi miaka mitatu zaidi. Ufito wake aliukata Mjomba Sele huyo huyo, na nilimwona alivyotoka nao chumbani, ameushika kwa mikono miwili, hataki ncha yake iguse kitu. Niliona haya upya kwamba niliwahi kuudhania vibaya ule wa kwanza.

Nami nikarefuka. Nilipoingia kidato cha kwanza nilikuwa nikiranda nimeinama, kiuno kinawaka moto. Nikisema meza ni fupi, mjomba alijibu, "Mbao hazikui." Likizo ya Disemba iliyopita tulibomoa makuti ya jikoni ili tuweke mabati. Nikayapekua kuti kwa kuti, kipande changu sikukiona. Mjomba akafungua sanduku, akatoa kijiti cheusi upande mmoja kwa moshi, cheupe upande wa pili.

"Ulikitoa lini?" nikamuuliza.

"Kabla hakijakauka. Kilikuwa chachungulia."

"Mbona hukusema, mjomba?"

Akaitazama meza. "Wewe ukiona haya huneni mwezi mzima. Nani angenishikia mbao?"

Nilikusanya ujasiri wangu wote. "Na ile shubiri uliizidishia nini, kama kipimo kilikuwa changu?"

"Ungekua," akasema.

Nimeliandika neno hilo mara nyingi humu daftarini. Nilikaa siku nne nikimlinda bibi na mtu yule, na muda wote huo yeye alishika mkononi kimo changu cha leo.

Tulikata vipande vinne, kila kimoja nusu ya kile kijiti, tukavifunga chini ya miguu. Sasa nasimama wima. Lakini uso wa meza haukurefushika. Mbao ndefu hutokeza nje ya mwisho wake na kutikisika, nami huizuia kwa goti, pale pale inapokosekana shubiri niliyoikata.